Pikapu ya zamani: iulize imebeba nini

Watu wengi wakienda kutazama pikapu ya zamani huanzia mbele. Wanafungua boneti waone kama injini ni safi, wanauliza namba ya usajili ni A au C, wanasoma kilometa kwenye dashibodi, kisha wanarudi nyuma hatua mbili waone rangi inavyong'aa. Mimi naomba uanzie nyuma. Piga magoti penye ekseli ya nyuma uangalie juu, halafu panda kwenye bodi uitazame sakafu yake. Gari dogo la kutembelea huchakaa kwa miaka na kwa umbali. Pikapu huchakaa kwa mzigo, na mzigo huacha alama zake kwenye chuma, mahali ambapo sabuni na rangi ya kupulizia havifiki.

Nayaandika haya kwa sababu mpwa wangu anatafuta Hilux ya kusomba nyanya kutoka mashambani huko Ilula, na karibu kila wiki ananirushia picha za magari kwenye simu. Nimekulia Iringa kwenye nyumba iliyoishi kwa pikapu. Vitunguu, viazi, mbolea, majeneza, maharusi, vyote vilipita kwenye bodi ileile. Tangu hapo ndugu na majirani wakitaka kununua gari la mzigo huniomba tuongozane. Picha za simu hazinitoshi kumjibu mpwa, kwa hiyo nimeona niandike kila ninachokiangalia na sababu ya kukiangalia.

Kwanza nieleze kwa nini nasema gari linaweza kuulizwa historia yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Kwetu Tanzania halikatazwi, lakini gari kuukuu hutozwa ushuru wa uchakavu, kwa hiyo Hilux za miaka ya 1990 unazoziona mitaani si wageni wa juzi. Nyingi zimefanya kazi hapahapa kwa miaka mingi. Kuna watu wanaozijua: kijana aliyekuwa akipakia, fundi aliyebadilisha klachi, jirani wa mwenye gari. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa muuzaji huwa ni hili: "Kaka, gari hii imekuwa ikibeba nini?" Namsikiliza, kisha napanda kwenye bodi kuona kama chuma kinasema hivyohivyo.

Matenga ya nyanya hayapindi bati, ila nyanya zilizopondeka hutoa maji, na maji yale hukaa kwenye mikunjo ya sakafu na kwenye kona za mlango wa nyuma. Hapo kutu huanza taratibu. Mawe na matofali huacha mabonde kati ya mbavu za sakafu, na mara nyingi utakuta bati jipya limechomelewa juu kuyafunika. Saruji huacha ukoko mgumu kwenye pembe ambao hata maji ya presha hayautoi wote. Samaki na chumvi ndio wabaya zaidi. Maji ya barafu yenye chumvi hupenya kwenye matundu ya bodi na kudondokea chasisi kila safari, miaka nenda rudi. Niliwahi kuitazama pikapu iliyotoka mwambao wa kusini, imepigwa rangi nyeupe safi kabisa, viti vipya, tairi mpya. Fundi niliyekwenda naye alilala chini, akagonga chasisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele kwenda nyuma. Mbele ililia mlio mkali wa chuma. Ilipofika juu ya ekseli ya nyuma, mlio ukawa mzito, na pigo lililofuata likatoboa. Tuliaga.

Nyundo hiyo ndogo naipenda kuliko kifaa chochote cha kompyuta. Chasisi ya Hilux sehemu kubwa ni boksi, yaani chuma kilichofungwa pande zote nne, na huoza kuanzia ndani. Tope huingia, matundu ya kutolea maji yanaziba, unyevu unakaa. Kwa nje unaona rangi tu. Usigonge kwa nguvu kama unayebomoa. Gonga kwa mwendo mmoja na usikilize mahali sauti inapobadilika. Zingatia zaidi pale springi za nyuma zinaposhikwa, pale kebini inapokaa juu ya raba zake, na mkunjo unaopita juu ya ekseli ya nyuma. Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi nzito, mbichi, kwenye gari ambalo kwingineko ni kuukuu, uliza imepakwa lini na kwa nini. Huenda ni mtu anayelitunza gari lake. Huenda ni mtu anayeficha.

Anayedhani kuoza kwa chasisi ni shida ya magari ya watu wasiojali akumbuke kesi ya Marekani. Mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi ya pikapu za Tacoma na Tundra pamoja na gari la Sequoia ambazo chasisi zake zilioza mapema, makubaliano yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Huko chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kwetu chumvi inatoka baharini na kwenye mzigo, lakini chuma hakitofautishi.

Baada ya kutu, angalia kama mgongo umepinda. Simama ubavuni, hatua kadhaa kutoka kwenye gari, utazame mwanya kati ya kebini na bodi. Mwanya huo unatakiwa ulingane juu na chini. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mzigo mzito umekaa nyuma ya ekseli kwa muda mrefu hadi chasisi ikakunjika kuelekea chini nyuma ya kebini. Ukiwa umebana juu, imelala katikati. Dabo kebini ndiyo hupatwa zaidi, kwa kuwa kebini yake ndefu inaisukuma bodi nyuma, na sehemu kubwa ya mzigo huangukia nyuma ya tairi. Hilux imetengenezwa kubeba takriban tani moja, na wote tunajua wanaobeba mbili. Hesabu imo kwenye chasisi. Tazama kama kuna vipande vya bati nene vilivyochomelewa pembeni ya chasisi nyuma ya kebini. Mara nyingi huo ni ufa uliozibwa, na ufa uliozibwa kwa kuchomelea huweza kupasuka tena pembeni ya ulehemu.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na sijaona sababu ya kuubadilisha: afadhali injini iliyochoka juu ya chasisi nzima kuliko injini nzuri juu ya chasisi mbovu. Injini ya mtumba utaipata Dar es Salaam, pale Ilala, Shauri Moyo au Gerezani, ukabadilisha namba ya injini kwenye kadi na maisha yakaendelea. Chasisi ndiyo gari lenyewe. Ndiyo yenye namba ambayo serikali inaitambua, na ikishapinda hakuna fundi wa kijiweni atakayeirudisha ilivyotoka kiwandani.

Sasa springi. Hesabu majani yake, yaani vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Majani yaliyoongezwa hayana rangi wala umri sawa na wenzake, na mara nyingi yametoka kwenye gari jingine. Kuongeza springi si kosa lenyewe, lakini kunakwambia gari lilikuwa likibeba kupita kiasi na mwenyewe alijua. Tazama raba za kugotea zilizo juu ya ekseli. Kama zimepondeka au hazipo kabisa, ekseli imekuwa ikigonga chasisi. Halafu tafuta kifimbo kinachotoka kwenye ekseli ya nyuma kupanda hadi kwenye vali ya breki iliyofungwa kwenye chasisi. Kazi yake ni kuongeza nguvu ya breki za nyuma pale gari linaposhuka kwa uzito. Springi zikiongezwa gari hubaki limenyanyuka hata likiwa na mzigo, na vali ile huendelea kudhani bodi ni tupu. Breki za nyuma zinakuwa dhaifu wakati ule hasa zinapohitajika. Mara nyingi kifimbo chenyewe nakuta kimefungwa kwa waya, au hakipo. Kwa mtu atakayeshuka mlima wa Kitonga na nyanya nyuma, hili ni jambo la kufa na kupona, na ni bei ndogo kulirekebisha kabla ya safari ya kwanza.

Namba ya chasisi kwenye Hilux nyingi imegongwa kwenye chuma chenyewe upande wa kulia, karibu na tairi la mbele. Isugue kwa kitambaa na uisome kwa macho yako, usiridhike na kibati kilichopigwa ripiti ndani ya boneti. Herufi zake zinakwambia gari lilizaliwa na injini gani. LN ni ukoo wa dizeli za L: 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3.0. KUN ni ukoo wa dizeli za KD uliokuja na Vigo, toleo jipya zaidi la Hilux, kuanzia 2004. RN na YN ni petroli za zamani. Ukikuta chasisi ya KUN na ndani mna 3L, mtu alichoka na gharama akashusha injini. Si dhambi, ila kadi lazima iseme hivyo. Na herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye namba ya usajili isikudanganye. Namba A, B au C inaeleza gari limesajiliwa lini hapa nchini, haielezi limetengenezwa lini.

Kuhusu kilometa sitasema mengi. Kwenye magari haya waya wa spidi umekatika au umekatwa mara nyingi mno. Tazama raba ya klachi, kitasa cha gia, na kiti cha dereva upande anaopandia. Kisha endelea na mengine.

Injini ya dizeli ya zamani itazamwe ikiwa baridi. Mwambie muuzaji kabla hujafika: "Naomba usiiwashe mpaka nije." Ukifika weka kiganja kwenye rejeta. Ikiwa ya moto, ameshaiwasha, na huenda alikuwa na sababu. Mimi huwa nasubiri, hata kwa muda wa saa mbili, nikinywa chai jirani. Dalali atasema, "Bosi, gari haina tatizo, ni kuweka mafuta na kuondoka tu." Sina ugomvi naye, anatafuta riziki. Nasubiri tu.

Rejeta ikishapoa kabisa fungua kifuniko chake na uangalie maji. Yakiwa na mafuta juu, au ukichomoa kijiti cha oili na kukuta imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekutana. Injini za L ni ngumu kufa lakini hazivumilii kuchemsha. Silinda hedi zake hupasuka kati ya vali, na dereva aliyeendelea kupanda mlima huku sindano ya joto ikiwa juu ndiye aliyezipasua nyingi. Gari likishawaka, lisikilize likiwa bado baridi na ushike mpira wa juu wa rejeta. Mpira ukiwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, maji yakiwa hayajapata moto, presha ya mwako inapenya kwenye maji. Mapovu yanayotoka mfululizo kwenye rejeta iliyo wazi yanasema jambo hilohilo.

Tazama moshi. Mweupe kidogo asubuhi ya baridi ya Iringa ni wa kawaida ukiisha upesi. Mweupe usioisha na unaochoma macho ni dizeli isiyoungua, kutokana na nozeli (zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda), taimingi au mgandamizo ulioshuka. Wa bluu ni oili inayoliwa. Mweusi ukikanyaga kwa ghafla husamehewa; mweusi wa muda wote ni nozeli au pampu. Kisha legeza kifuniko cha kujazia oili, kigeuze juu chini na ukilaze juu ya tundu lake bila kukifunga huku injini inaunguruma. Kikitetemeka papo hapo, sawa. Kikirushwa pembeni na moshi ukatoka kwa mapigo, injini inapumua: ringi na silinda zimelika, na presha inashuka chini badala ya kusukuma gari.

Kipimo ambacho wengi hawakifanyi ni cha kuwasha injini ikiwa ya moto. Ukishalitembeza gari likapata joto kamili, lizime, subiri dakika kumi, liwashe tena. Pampu ya dizeli iliyochoka huwasha vizuri asubuhi ikagoma mchana, kwa kuwa dizeli ya moto ni nyepesi na hupenya kwenye nafasi zilizolika ndani ya pampu. Ukimwona mtu anamwagia pampu maji au ameiviringishia kitambaa kibichi ili gari liwake, umeshajua. Pampu nyingi za magari ya umri huu zilipitia kipindi kigumu. Kabla EWURA, mamlaka inayodhibiti mafuta Tanzania, haijaanza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambua mafuta halali, mwaka 2010, na kabla kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa mwaka uliofuata, kuchanganya dizeli na mafuta ya taa kulikuwa biashara ya wazi. Mafuta ya taa hayalainishi chuma vya kutosha, na pampu hulainishwa na mafuta yaleyale inayoyasukuma. Waliokuwa wakiokoa shilingi kwenye lita walikuwa wanazila pampu za watu.

Mkanda wa taimingi nao una habari yake. Injini za L na za KD hutumia mkanda, na ukikatika vali hukutana na pistoni. Kwa kawaida za L hubadilishwa kila kilometa 100,000 na za KD kila 150,000. Kwenye dashibodi kuna taa iliyoandikwa T-BELT. Geuza ufunguo kabla ya kuwasha: taa hiyo inatakiwa iwake pamoja na ya oili na ya betri, kisha zizime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, globu imetolewa, na aliyeitoa alikuwa amechoka kuiona. Vyovyote muuzaji atakavyosema, hesabu mkanda mpya na rola zake ndani ya bei yako. Ukikutana na Nissan Hardbody yenye injini ya TD27, au QD32, hilo halikuhusu, kwa sababu zinatumia gia badala ya mkanda, na hiyo ni heshima kubwa ninayowapa Nissan. Mitsubishi L200 yenye injini ya 4D56 ina mikanda miwili. Ule mdogo wa shafti za kupunguza mtetemo ukikatika huingia kwenye ule mkubwa na kuuharibu, kwa hiyo badilisha yote kwa pamoja.

Mpwa wangu anataka KUN, Vigo, kwa sababu ina nguvu na inapendeza. Nampenda, ndiyo maana nabishana naye. Kwenye KD dizeli hupulizwa kwa presha kubwa sana na nozeli huongozwa na kompyuta. Zinapochoka, nozeli nne mpya ni mtaji wa msimu mzima wa mkulima. Kuna pia tatizo la pete za shaba zinazoziba chini ya nozeli: zikivuja, masizi ya mwako huingia kwenye oili, huganda chini, huziba chujio la pampu ya oili, na injini hufa kwa kiu ikiwa na oili ya kutosha ndani. Ukisikia mlio wa kupuliza kwenye nozeli asubuhi, au ukikuta ukoko mgumu mweusi chini ya kifuniko cha kujazia oili, usinunue kabla fundi hajafungua sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Mtu wa mjini mwenye gereji nzuri karibu aichukue. Kwa anayekwenda shambani mahali ambapo fundi ana spana na akili yake tu, mimi naichagua 3L au 5L. Hazina mbio. Kitonga utapandishwa nyuma ya lori. Lakini utafika, na ikikataa kuna mtu kila mji mdogo anayeijua.

Kama ni foo-bai-foo, yaani inayovuta kwa tairi zote nne, hakikisha ni foo-bai-foo kweli. Chini ya gari, propela ya mbele ipo? Wengi huitoa ili kupunguza mafuta au kwa sababu kroisi, yaani viungo vya propela, zimekufa, wakabakiza lile fimbo la gia ndogo linalopendeza kwenye kebini. Tafuta njia ya mchanga au tope, usijaribu kwenye lami kavu, ingiza, na uone kama tairi za mbele zinavuta. Jaribu na gia ndogo pia. Kwenye Hilux ya LN106 yenye ekseli nzima mbele, tazama yale magoti ya duara nyuma ya tairi. Yakiwa yamelowa mchanganyiko mweusi wa grisi na oili, sili ya ndani imekufa. Kata usukani mwisho kulia, endesha polepole kwa mzunguko, kisha kushoto: mlio wa kukatika-katika ni jointi za ndani. Na kila tairi la mbele linyanyuliwe kwa jeki, ulishike juu na chini ulitikise, kisha pembeni kwa pembeni. Mchezo wa juu na chini ni beringi au kingipini. Wa pembeni ni viungo vya usukani.

Sasa jambo ambalo wauzaji hulipinga na mimi silegezi: pikapu ijaribiwe ikiwa na mzigo. Bodi tupu haikuambii kitu. Mifuko kumi ya saruji ni kilo 500, na duka la vifaa vya ujenzi lililo jirani litakukodisha ukiacha amana na kusaini. Au tafuta mtu anayehamisha mchanga umsaidie. Sisi hapa tuna bahati ya mlima wa Ipogolo: unapakia chini kando ya barabara kuu, unapanda hadi mjini. Gari litakuonyesha kama klachi inateleza, maana injini itapiga kelele na mwendo hauongezeki. Litakuonyesha joto. Litakuonyesha kama gia ya tatu inaruka ukiachia mafuta. Ukifika juu geuza ushuke, na hapo ndipo utajua breki. Simamisha katikati ya mteremko, vuta handibreki, toa mguu. Kisha pita tena kwenye ule mwanya wa kebini na bodi uone kama umebadilika na mzigo ukiwa juu. Kwenye chasisi yenye nyufa, utabadilika.

Magari yaliyokuwa ya serikali au ya miradi, yale ya namba za STL, SU na DFP, huuzwa kwenye minada na baadaye huja sokoni na namba za kawaida. Watu huyakimbilia kwa kuwa yalifanyiwa matengenezo kwa ratiba. Ni kweli kwa mengi, na mengi yalibeba watu na makaratasi zaidi ya mawe. Ila baadhi yalisimama uani miaka mingi yakisubiri kibali cha kuuzwa. Gari lililosimama lina magonjwa yake: sili zilizokauka, silinda za breki zilizoshika, maji kwenye tanki la dizeli, panya kwenye nyaya. Washa kila taa, kila swichi, na uchungulie nyuma ya dashibodi kwa tochi.

Nimeacha karatasi mwisho, ingawa zinaua biashara nyingi kuliko injini. Kadi ya gari iwe halisi, siyo nakala. Namba ya chasisi, namba ya injini na rangi vilingane na unavyoviona. Jina lililo kwenye kadi liwe la mtu anayekuuzia. Kwa pikapu za zamani hili halitokei kirahisi. Gari limeuzwa mikono mitatu kwa mikataba ya mezani, hakuna aliyehamisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato, na jina la kwenye kadi ni la mzee ambaye ameshafariki. Hapo anayeweza kusaini mauziano ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Si mtoto mkubwa, si mjane peke yake, hata kama funguo anazo yeye na familia nzima imekubali. Nimeona ukoo ukigawanyika kwa ajili ya Hilux iliyouzwa kabla ya kikao cha mirathi, na mnunuzi aliyelipa kwa nia njema akabaki anaitwa polisi. Omba barua ya usimamizi wa mirathi, isome, weka nakala yake. Kama kadi asili haionekani, uliza kwa upole kama iko kwa mtu aliyekopesha fedha. Angalia pia madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Msomaji wa Kenya anaweza kuangalia umiliki kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya huko, mtandaoni kabla hata hajapanda gari kwenda kuliona.

Mkataba uandikwe mbele ya wakili, wenye namba ya chasisi ndani yake, na sehemu ya mwisho ya fedha itoke siku mnayokwenda pamoja TRA kuhamisha jina. Muuzaji mwenye haraka atasema utahamisha mwenyewe baadaye. Mwambie kwa heshima kwamba fedha iliyobaki ipo, na inamsubiri pale dirishani.

Ukishalipata, kabla ya mzigo wa kwanza mwaga oili zote: ya injini, ya giaboksi, ya kigawa nguvu, ya difu zote mbili. Oili ya difu ipokee kwenye beseni safi na uipitishe kwenye sumaku. Unga mwembamba wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kidole ni meno ya gia. Funga mkanda mpya wa taimingi, badilisha chujio la dizeli, mwaga maji yaliyokaa chini ya tanki, safisha rejeta na mapezi yake, rudisha kile kifimbo cha vali ya breki mahali pake. Andika tarehe na kilometa kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko cha taimingi ili fundi yeyote atakayefungua boneti azione, na ukanunue raba mpya za kugotea.